Reginald Hamlin: Tabibu wa Nasuri

Mwanamke wa Siakago anaposhikwa na uchungu wa kuzaa usiokwisha, uhai wake na wa mtoto hutegemea mambo mawili: afikishwe hospitalini upesi, na huko amkute mpasuaji. Akikawia kwa siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini dhidi ya mfupa wa nyonga. Damu hukosa kupita, nyama hizo zikafa, na tundu likabaki kati ya kibofu na uke. Aghalabu mtoto hufariki. Mama naye huvuja mkojo usiku na mchana, akaachwa na mumewe na kuepukwa na majirani. Maradhi haya ndiyo nasuri ya uzazi, au fistula kama wengi waitavyo, na miongoni mwa matabibu waliojitolea maisha yao kuyapiga vita katika Afrika Mashariki ni Reginald Hamlin.

Hamlin alizaliwa nchini New Zealand mwaka 1908. Alipokuwa daktari mjini Sydney, Australia, alisifika kwa juhudi zake za kuzuia kifafa cha mimba. Mwaka 1950 alimwoa daktari mwenzake, Catherine Nicholson. Mwaka 1959 walihamia Addis Ababa kwa mkataba wa miaka 3, kusudi waanzishe shule ya wakunga katika Hospitali ya Princess Tsehay.

Huko walikutana na jambo ambalo hawakuwa wameliona kwao: wasichana waliosafiri kwa siku nyingi, nguo zikiwa zimelowa, wakiomba kutibiwa. Hamlin na mkewe hawakuwa na ujuzi wa upasuaji huo, hivyo wakaanza kusoma maandishi ya waliowatangulia. Elimu hiyo ilikuwa na historia chungu, kwani huko Alabama, Marekani, katika miaka ya 1840, James Marion Sims aliijaribu kwa kuwapasua wanawake watumwa bila dawa ya usingizi.

Upasuaji wenyewe huhitaji subira. Kibofu hutenganishwa na ukuta wa uke, kila upande ukashonwa bila kuvutwa, kisha mpira wa mkojo huachwa kwa siku kadhaa hadi kidonda kipone. Mwaka 1969 Hamlin na mkewe walichapisha makala kuhusu namna ya kuunda upya njia ya mkojo iliyoharibiwa kabisa na uzazi.

Ubora wa Hamlin ulidhihirika pia katika namna alivyowatazama wagonjwa. Mamitu Gashe aliletwa kwao katika miaka ya 1960, akiwa kijana asiyejua kusoma. Baada ya kutibiwa alibaki akitandika vitanda, kisha akawa msaidizi katika chumba cha upasuaji, na Hamlin akamfundisha kushona nasuri. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji mjini London kiliwatunuku nishani ya dhahabu, Mamitu pamoja na walimu wake.

Mwaka 1974, mwaka ule ule Mfalme Haile Selassie alipopinduliwa, hospitali yao ya nasuri ilifunguliwa. Tiba ilikuwa bila malipo. Wageni wengi waliihama nchi katika miaka ya utawala wa kijeshi, ilhali wao hawakuondoka. Hamlin alifariki mwaka 1993. Mkewe aliendeleza kazi hiyo hadi alipoaga dunia mwaka 2020.

Hata hivyo, shule ya wakunga iliyowaleta Ethiopia haikudumu. Ilifungwa baada ya kufunza wachache tu. Kwa hiyo Hamlin alitumia umri wake akiziba matundu ambayo mkunga mmoja kijijini angeweza kuyazuia. Chuo kipya cha wakunga chenye jina la akina Hamlin kilianzishwa mwaka 2007, yeye akiwa amekwisha kufa. Funzo la maisha yake linaihusu Siakago sawasawa na Addis Ababa: mpasuaji humrudishia mama heshima yake, bali mkunga na barabara nzuri humwepusha kuipoteza.