Walter Lippmann

Walter Lippmann (New York, 23 Septemba 1889 – New York, 14 Desemba 1974) alikuwa mwandishi wa habari na mwanafikra wa siasa kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha jinsi gazeti linavyoweza kuwapotosha wasomaji wake bila kukusudia kusema uongo. Hata hivyo yeye mwenyewe aliishi karibu sana na viongozi aliowaandika.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani, iliyokuwa na mali ya kutosha. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambako William James na George Santayana walikuwa kati ya walimu wake. Mwaka 1914 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa jarida la The New Republic.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alishiriki kuandaa Hoja Kumi na Nne za Rais Woodrow Wilson. Mwaka 1918 alipelekwa Ufaransa akiwa kapteni wa jeshi, akaandika vipeperushi vya kuwashawishi askari wa adui wajisalimishe. Hivyo propaganda aliijua kwa kuitengeneza, si kwa kuisikia tu.

Uchunguzi wa mwaka 1920

Mnamo Agosti 1920 Lippmann na mwenzake Charles Merz walichapisha katika The New Republic ripoti ya kurasa 42 kuhusu namna gazeti la The New York Times lilivyoandika habari za Urusi tangu Machi 1917 hadi Machi 1920. Walipitia habari zaidi ya 3,000.

Njia yao ilikuwa rahisi. Hawakulipima gazeti kwa kuuliza kama Lenin na wenzake walikuwa watu wema au wabaya. Walichagua matukio machache ambayo hakuna upande ulioyabishia: kwamba jeshi la Urusi lilishindwa katika mashambulizi ya mwaka 1917, kwamba majenerali waliopigana na Wabolsheviki hawakufaulu, na kwamba mwaka 1920 Wabolsheviki walikuwa bado madarakani. Kisha wakalinganisha hayo na yale ambayo msomaji wa gazeti alikuwa ameambiwa siku kwa siku. Waligundua kwamba mara 91 gazeti lilikuwa limeandika kuwa serikali ya Wabolsheviki imeanguka au iko karibu kuanguka.

Waandishi hao hawakudai kwamba kulikuwa na njama. Kwa maoni yao, waandishi na wahariri waliongozwa na matumaini na hofu zao wenyewe, wakategemea mno maofisa wasiotajwa majina na wakimbizi waliotaka utawala huo uondoke. Inafaa kutaja kwamba tangu mwaka 1938 Merz aliongoza ukurasa wa tahariri wa gazeti hilohilo.

Lippmann aliendeleza mawazo hayo katika kitabu chake Public Opinion cha mwaka 1922. Alieleza kwamba watu hawaoni dunia yenyewe, bali picha zilizokwisha kuganda vichwani mwao, na kwamba habari na ukweli si kitu kimoja. Mwanafalsafa John Dewey alikisifu kitabu hicho, lakini alimlaumu kwa kuwaamini mno wataalamu na kutowaamini raia wa kawaida.

Safu na viongozi

Baada ya kuwa mhariri wa tahariri wa The World, gazeti lililounga mkono chama cha Democratic, mwaka 1931 alianza safu katika New York Herald Tribune, gazeti la upande wa Republican. Safu hiyo ilichapishwa na magazeti mengi mengine.

Mwaka 1932 alimdharau Franklin D. Roosevelt, akimwona mtu wa kupendeza asiye na sifa za kuwa rais. Mwaka uliofuata alimshauri achukue mamlaka makubwa, na baadaye akawa mpinzani wake tena.

Kosa lake kubwa lilikuwa la Februari 1942. Baada ya kuzungumza na maofisa wa California, aliunga mkono kuondolewa kwa Wamarekani wenye asili ya Japani katika pwani ya magharibi. Alidai kwamba kutokuwepo kwa hujuma yoyote kulikuwa dalili kwamba hujuma inaandaliwa. Watu wapatao 120,000 walifungiwa kambini. Hofu na maneno ya maofisa, mambo yaleyale aliyoyafichua mwaka 1920, yalikuwa yamemshika yeye.

Mwaka 1961 alisoma rasimu ya hotuba ya kuapishwa ya John F. Kennedy na kupendekeza neno libadilishwe, huku akiendelea kuandika kuhusu rais huyo. Alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1958 na tena mwaka 1962, mara ya pili kwa mahojiano yake na Nikita Khrushchev.

Lyndon B. Johnson alimpa Nishani ya Rais ya Uhuru mwaka 1964, lakini urafiki wao ulivunjika kwa sababu ya Vita vya Vietnam, ambavyo Lippmann alivipinga waziwazi. Mwaka 1967 aliacha safu yake na kuhama Washington, akarudi New York, alikofariki akiwa na umri wa miaka 85.