Cicely Saunders: Daktari aliyeanza na maumivu

Wengi wetu tumeuguza mgonjwa wa saratani nyumbani, tukamsikia usiku akiomba afe apumzike. Mgonjwa huyo ajibiwe nini? Leo tunamwangalia Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyeishi na swali hilo karibu miaka 60.

Alizaliwa mwaka 1918 Barnet, kaskazini mwa London, katika familia yenye uwezo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikatiza masomo Oxford akasomea uuguzi. Lakini mgongo ulimsumbua, hakuweza tena kuinua wagonjwa, akahamia kazi ya ustawi wa jamii hospitalini.

Huko alikutana na David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw, mwenye saratani isiyotibika na asiye na ndugu wa kumuuguza. Katika miezi yake miwili ya mwisho walizungumza mara nyingi juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angekufa bila maumivu na bila upweke. Tasma alifariki mwaka 1948. Alimwachia Saunders pauni 500, akitaka ziwe dirisha la nyumba hiyo, ambayo wakati huo haikuwepo.

Saunders alianza kujitolea jioni katika nyumba ya wagonjwa mahututi. Daktari mmoja akamshauri asomee udaktari, la sivyo madaktari wasingemsikiliza. Alihitimu mwaka 1957.

Hospitali nyingi za wakati ule zilimpa mgonjwa mofini pale tu alipolia kwa maumivu. Madaktari waliogopa kwamba angeizoea na kuwa mraibu. Matokeo yake mgonjwa alishinda akiyasubiri maumivu na kuomba dawa.

Kuanzia mwaka 1958, katika hospisi ya St Joseph's mashariki mwa London, Saunders alifanya kinyume. Alitoa dawa ya kunywa kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi, kwa kipimo kinachomfaa kila mgonjwa. Wala hakutaka aaminiwe kwa maneno tu. Aliandika kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja. Zilionyesha kuwa wengi walipata nafuu wakiwa macho na akili timamu, na uraibu uliohofiwa haukuwa tatizo kubwa.

Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's kusini mwa London, na dirisha la Tasma likawekwa hapo. Utafiti uliendelea. Madaktari wengi waliamini kwamba heroini, ambayo Uingereza huruhusiwa kama dawa, inatuliza kuliko mofini. Katika miaka ya 1970 daktari Robert Twycross alizilinganisha kwa wagonjwa karibu 700, akaona kwamba zikinywewa kwa vipimo sawia hazina tofauti kubwa. Lilikuwa jambo jema kwa nchi nyingi, kwani heroini ilikuwa marufuku kwao, lakini mofini ni dawa ya bei nafuu.

Je, mgonjwa asaidiwe kufa? Saunders alipinga, kama Mkristo na kama daktari. Aliona wengi wakiacha kuomba kifo baada ya maumivu kutulizwa. Aliogopa pia kwamba sheria ikiruhusu, wazee na wagonjwa wangejiona mzigo. Wapinzani wake walisema yapo mateso ambayo dawa haiyafikii, na kwamba mtu ana haki ya kuamua juu ya mwisho wake. Uholanzi iliruhusu mwaka 2002. Nchi nyingi bado zinakataza.

Sisi hatutaufunga mjadala huo hapa. Tunachojifunza kwake ni kwamba ombi la kufa huenda likawa ombi la kutulizwa, na hatuwezi kujua mpaka maumivu yatibiwe.

Kazi yake imefika kwetu pia. Uganda hutengeneza mofini ya maji, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika, hivyo mgonjwa wa kijijini hahitaji kumngoja daktari. Ukiwa na mgonjwa mwenye maumivu makali, uliza kituo cha afya kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa. Usimpimie mofini bila maelekezo yao.

Saunders alifariki kwa saratani mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 87, akiuguzwa katika hospisi ileile aliyoijenga.