Mama Yake John Wesley

Bibi Susanna Wesley, mke wa kasisi wa Epworth, Uingereza, alizaa watoto 19. Kumi tu walikua. Kila mmoja, mara alipoweza kusema, alifundishwa Sala ya Bwana, asubuhi na jioni.

Mwaka 1709 nyumba yao iliteketea, watoto wakatawanywa katika nyumba za watu. Walirudi na nyimbo mbaya na tabia za ovyo, hata Jumapili hawaijali. Mama akaanza upya. Fimbo alikuwa nayo tangu zamani, wazazi wenzangu. Ila baada ya kusoma habari za wamisionari wa Tranquebar, Uhindi, alimtengea kila mtoto jioni yake, wazungumze wawili tu juu ya roho yake. Alhamisi ilikuwa ya John. Alipokuwa mtu mzima, kasisi na mwalimu huko Oxford, John alimwandikia mama akiiomba tena Alhamisi yake.