Ibn al-Haytham: Aliyekiri Kushindwa na Nile

Ukisimama ufukweni Port Bell, hapa Luzira, maji unayoyaona yana safari ndefu. Ziwa Viktoria humwaga maji yake pale Jinja, yakawa mto Nile, yakapita Sudan hadi Misri. Mto huohuo ndio uliompa mtihani mzito Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham.

Alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 354 Hijria (965 Miladia). Wanahistoria wanasimulia kwamba aliwahi kudai kuwa mafuriko ya Nile yanaweza kudhibitiwa. Habari zikamfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi mjini Kairo, naye akamwita na kumpa watu na mali. Ibn al-Haytham akapanda mto hadi kusini ya Aswan. Njiani aliyaona majengo makubwa ya watu wa kale, akajiuliza: kama kazi hii ingewezekana, mafundi hawa wangeiacha? Alipolikagua eneo lenyewe, hesabu zikakataa. Akarudi kukiri kwamba ameshindwa.

Akapewa cheo serikalini, lakini al-Hakim alikuwa mwepesi wa kuua. Inasimuliwa kwamba Ibn al-Haytham alijifanya mwendawazimu ili ajinusuru, akazuiliwa nyumbani mpaka khalifa alipotoweka mwaka 1021. Wengi wanaamini kwamba sehemu ya utafiti wake wa nuru aliifanya katika kifungo hicho.

Wakati huo Euclid na Ptolemy waliheshimiwa sana, nao walifundisha kwamba jicho hutoa miali ndipo likaona. Ibn al-Haytham alipinga. Jicho likilitazama jua huumia; basi kuna kitu kinachoingia. Kisha akapanga taa kadhaa nje ya chumba chenye giza, mbele ya tundu dogo. Kila taa ilitupa doa lake ukutani. Akifunika moja, doa la taa hiyo pekee lilipotea. Akathibitisha kwamba nuru husafiri kwa mstari ulionyooka, na miali hupishana bila kuchanganyika. Haya yote yamo katika Kitab al-Manazir, chenye mijalada 7.

Naye alikosea pia. Alidhani lenzi ya jicho ndiyo inayohisi nuru. Mwaka 1604 Kepler alieleza kwamba taswira hujengeka nyuma, kwenye retina. Kosa hilo halimshushi, kwani yeye mwenyewe alifundisha kwamba mtafuta ukweli avitilie shaka vitabu vya waliotangulia, na ajitilie shaka nafsi yake.

Alifariki Kairo yapata mwaka 430 Hijria (1039), baada ya miaka ya kuishi karibu na msikiti wa al-Azhar akinakili vitabu ili apate riziki.

Leo fizikia ya tiba inasimama juu ya njia hiyo. Katika tiba ya saratani kwa mionzi, kama inayotolewa Mulago, mwanafizikia hupima kwanza mionzi ndani ya chombo cha maji, kabla mgonjwa hajalala chini ya mashine. Tarakimu za mtengenezaji peke yake hazitoshi. Kipimo kikizidi, huunguza mwili. Kikipungua, saratani hubaki.

Ndugu yangu unayeingia maabara kesho, ukipata jibu lisilolingana na kitabu, usilibadilishe ili upate alama. Rudia kipimo, kisha andika ulichokiona. Mwenzako alikiri kosa mbele ya mtawala aliyeweza kumkata kichwa. Wewe uko mbele ya mwalimu tu.

Allah amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.