Kanali Patterson na Simba wa Tsavo

Yamkini wengi wenu mmekwisha kuiona ile filamu ya simba wawili wa Tsavo, iliyotolewa mwaka wa 1996. Mimi niliiona Masasi wakati wa likizo, katika banda la video, ambamo mtu mmoja alikuwa akitufasiria kila jambo kwa Kiswahili. Kwa maneno yake simba wale walikuwa kama majambazi wawili waliokula njama. Wala hakukosea sana, maana filamu yenyewe imetungwa kama hadithi za wauaji zinavyotungwa: muuaji hutoka usiku, huchukua mtu wake, hutoweka, na waliobaki hawajui kesho zamu ni ya nani.

Hadithi za namna hiyo ni nyingi katika zama za Malkia Victoria wa Uingereza. Mwaka wa 1888 mji wa London ulitishwa na muuaji wa wanawake aliyepewa jina la Jack the Ripper, na mpaka leo hajulikani alikuwa nani. Miaka 10 baadaye Afrika ya Mashariki nayo ilipata wauaji wake, lakini hawa walikuwa na miguu minne, nao walipatikana. Aliyewapata aliitwa John Henry Patterson. Nimeona vema niwaelezeni maisha yake, kwa sababu mtu huyu alikuwa na mambo mengi kuliko yale yaliyomo katika filamu, na kwa sababu habari zake zinatugusa sisi tunaokaa Masasi na Newala.

Patterson alizaliwa tarehe 10 Novemba, 1867, katika wilaya ya Longford, Ireland. Aliingia katika jeshi la Waingereza angali kijana wa miaka 17, akapelekwa Bara Hindi. Huko alijifunza kazi ya ujenzi, akajifunza kuwinda, na pia akajua lugha ya watu wa huko. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyompatia kazi Afrika. Wakati ule Waingereza walikuwa wakijenga njia ya reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, nao walileta watu wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo. Patterson alifika Mombasa mwezi wa Machi, 1898, akatumwa kujenga daraja katika mto Tsavo, yapata maili 130 kutoka pwani.

Hakukaa siku nyingi kabla watu hawajaanza kupotea. Kwanza hakusadiki kuwa ni simba. Alidhani labda wafanya kazi wameuana wenyewe kwa ajili ya fedha. Lakini usiku mmoja jemadari wake, Ungan Singh, mtu mwenye nguvu nyingi, alikamatwa shingoni ndani ya hema, wenzake wakitazama, akakokotwa nje. Asubuhi Patterson alifuata nyayo, akayaona mabaki yake. Tangu siku hiyo hakuwa na shaka tena.

Simba wale walikuwa madume wawili wasio na manyoya ya shingoni, kama walivyo madume wengi wa Tsavo. (Katika filamu wamewekwa simba wenye manyoya mazuri, maana filamu hupenda uzuri.) Makambi ya reli yalikuwa yametawanyika mwendo wa maili nyingi, na simba walihama kutoka kambi hii kwenda ile. Patterson alipokesha hapa, kilio kilisikika kule. Watu walizungusha maboma ya miiba, na simba wakapenya. Wakakoka mioto, isiwafae kitu. Wengine walifunga vitanda vyao juu ya miti, wengine walilala juu ya matangi ya maji, na wengine walichimba mashimo ndani ya mahema yao wakajifunika magogo. Wengi walianza kusema kuwa hawa si wanyama bali ni pepo.

Huku kwetu hatuwezi kuwacheka. Kusini yote, kutoka Lindi mpaka ng'ambo ya Ruvuma, simba anapoua watu wengi, minong'ono huanza kuwa huyo si simba wa mwitu bali ni simba wa mtu. Hofu ya usiku ni moja, iwe ya Mhindi wa Tsavo au ya Mmakonde wa Newala.

Tena Patterson hakupigana na simba peke yao. Miongoni mwa mafundi wa mawe aligundua watu ambao hawakuujua ufundi huo, nao walijiandikisha ili wapate rupia 45 kwa mwezi badala ya 12 za mfanya kazi wa kawaida. Alipoamuru kila mtu alipwe kwa kipimo cha kazi yake, baadhi yao walipanga kumwua na kusema ameliwa na simba. Mtu mmoja alimwonya mapema, akaokoka. Jambo hili nimelitia hapa kwa sababu linaonyesha kuwa kambi ile ilikuwa mahali pa taabu, mishahara midogo na ukali mwingi, wala haikuwa familia moja iliyomzunguka shujaa wake.

Mwanzoni mwa Desemba, 1898, subira ya watu ilikwisha. Mamia walijilaza juu ya reli wakalisimamisha gari la moshi, wakalipanda, wakarudi pwani. Kazi ya daraja ilisimama muda wa majuma matatu. Siku hizo hizo Bwana Whitehead, afisa wa wilaya, alifika na askari ili kumsaidia Patterson. Usiku wa kufika kwake simba alimrukia akampapura mgongoni, akamchukua sajini wake, Abdullah, asionekane tena hai.

Tarehe 9 Desemba Patterson aliona mzoga wa punda ambao simba alikuwa amekula kidogo tu. Akasimamisha miti minne karibu yake, akafunga ubao juu, akapanda na bunduki. Sisi hatuna haja ya kuelezwa kitu hicho, maana ni dungu, kama lile tunalokaa kuwangojea nguruwe na nyani katika mashamba ya mahindi na mihogo. Giza lilipoingia simba alikuja, lakini aliacha punda akaanza kumnyemelea mtu. Kwa muda wa saa mbili alizunguka chini ya lile dungu dhaifu, na Patterson hakuthubutu kutikisika. Hata bundi alipomgonga kisogoni, akidhani labda ni tawi, ilimbidi anyamaze. Mwishowe aliona kivuli, akapiga, akapiga tena. Asubuhi simba alikutwa amekufa. Urefu wake ulikuwa futi 9 na inchi 8, na watu wanane walihitajiwa kumbeba. Wa pili aliuawa tarehe 29 Desemba, baada ya risasi nyingi.

Wafanya kazi walirudi, na daraja likamalizika mapema mwaka wa 1899. Wale wale waliopata kumchukia walimpa bakuli la fedha na shairi la kumsifu. Reli ilifika ziwani mwaka wa 1901.

Hapo ndipo filamu inapokoma. Lakini Patterson alikuwa na umri wa miaka 31 tu, na maisha yake mengine hayakuwa meupe kama hayo. Alipigana vita vya Makaburu huko Afrika ya Kusini, akapata nishani. Mwaka wa 1907 alitoa kitabu chake juu ya simba wa Tsavo, kikasomwa sana, na mwaka huo huo akafanywa Bwana Nyama wa nchi ambayo sasa ni Kenya. Mwaka wa 1908 alikwenda safari ya kaskazini pamoja na Mwingereza mmoja, Bwana Audley Blyth, na mkewe. Njiani Bwana Blyth alikufa kwa risasi ndani ya hema. Patterson alieleza kuwa marehemu alikuwa mgonjwa na alijipiga mwenyewe. Hata hivyo hakurudi upesi, bali aliendelea na safari pamoja na mjane, na maneno ya watu yakawa mengi. Hakushtakiwa mahakamani, lakini aliiacha kazi ile mwaka wa 1909, na neno hilo lilimfuata. Husemwa kuwa mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alichukua humo mbegu ya hadithi yake moja mashuhuri iliyotoka mwaka wa 1936. Basi mtu aliyewatafuta wauaji wa Tsavo, yeye naye alitazamwa kwa jicho la shaka.

Katika Vita Kuu ya Kwanza aliongoza kikosi cha Wayahudi waliochukua mizigo kwa nyumbu huko Gallipoli, mwaka wa 1915, na baadaye alikuwa mkubwa wa batalioni ya Kiyahudi iliyopigana Palestina mwaka wa 1918. Aliwatetea askari wake walipodharauliwa na wakubwa, na alistaafu mwaka wa 1920 akiwa Luteni Kanali, bila kupandishwa cheo. Rafiki yake mmoja Myahudi alimpa mwanawe jina la Yonatan kwa heshima yake. Huyo ni Yonatan Netanyahu, aliyeuawa Entebbe, Uganda, mwezi wa Julai, 1976, wakati mateka wa ndege walipookolewa. Mwana wa Patterson mwenyewe, Bryan, alikuwa mtaalamu wa mifupa ya kale, na ndiye aliyeokota Kanapoi, Kenya, mwaka wa 1965, kipande cha mfupa wa mkono wa kiumbe aliyeishi miaka yapata milioni 4 iliyopita.

Patterson alikufa California, Marekani, tarehe 18 Juni, 1947. Mwaka wa 2014 majivu yake yalihamishwa yakazikwa Israel. Ngozi za simba wake alikuwa amekwisha kuziuza mwaka wa 1924 kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, nao wakajazwa na kusimamishwa humo, wakawa wanatazamwa na watu wa dunia nzima.

Sasa nataka kusema neno langu. Katika kitabu chake Patterson aliandika kuwa simba wale waliua Wahindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuandikwa na serikali. Miaka mingi baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwaka wa 2009 wataalamu walitoa matokeo ya kuchunguza manyoya na mifupa ya simba hao, wakakadiria kuwa walikula watu wapatao 35. Walioichunguza mifupa waliona pia kuwa mmoja wao alikuwa na jino kubwa lililovunjika na uvimbe katika mzizi wake, tena tauni ya ng'ombe ilikuwa imemaliza nyati na mifugo katika miaka ya 1890. Kwa hiyo pepo wa Tsavo alikuwa mnyama mwenye njaa na maumivu.

Tazameni ajabu hii. Tunajua urefu wa simba kwa inchi. Tunajua tarehe aliyokufa kila mmoja, na bei ya ngozi zao. Lakini Waafrika waliokufa Tsavo hatujui hata walikuwa wangapi, seuze majina yao. Walikuwa wakichota maji, wakikata miti, wakibeba mizigo, wakaenda usiku mmoja wasirudi, na karani hakutia wino katika kalamu. Filamu haikuweza kuwaonyesha, maana hawakuandikwa. Namsifu Patterson kwa ushujaa wake, tena namsifu kwa kuungama kuwa hesabu hiyo haikuwekwa. Lakini sikubali kuwa habari ya Tsavo ni habari ya mtu mmoja na simba wawili.

Tusidhani kuwa mambo hayo yalikwisha mwaka 1898. Newala iliwahi kukaa Mwingereza C. J. P. Ionides, aliyejulikana sana kwa kukamata nyoka na aliyekufa mwaka 1968. Kabla ya hapo alikuwa Bwana Nyama huko Liwale, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwaua simba wala watu. Hata baada yake simba hawakuacha. Wataalamu waliohesabu tangu mwaka 1990 mpaka 2004 walikuta kuwa katika Tanzania simba waliua watu wasiopungua 563, na wengi wao walikuwa wa kusini mashariki. Wengi walishambuliwa wakati wa mavuno, wanapolala katika madungu na vibanda vya shambani ili kuwazuia nguruwe. Patterson alikaa katika dungu akiwa na bunduki. Watu wetu hukaa wakiwa na debe la kupiga na tochi.

Ionides ameandikwa katika vitabu. Lakini mkulima aliyechukuliwa katika shamba lake la mahindi, ameandikwa wapi? Naomba basi kila mwanafunzi arudipo kwao, uwandani au huku chini Masasi, awaulize wazee ni nani katika kijiji chao aliyeuawa na simba, mwaka gani, shamba gani, naye alikuwa akifanya kazi gani. Aandike katika daftari, jina kwa jina. Kazi hiyo haitaki bunduki wala fedha nyingi. Inataka kalamu, na kufanywa mapema, wazee wangali hai.