Sayyida Salme binti Said na Fitina ya Ndugu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Alisomeshwa Kurani, kuandika akajifunza mwenyewe kwa siri, kwani zama zile haikuwa ada binti kufundishwa kalamu.

Baba yake alitawafu baharini mwaka 1856, na Sayyid Majid akatawala Unguja. Baadaye mama yake naye akafa kwa kipindupindu. Hapo dada yake, Sayyida Khole, akamvuta katika njama ya ndugu yao Barghash aliyetaka kumpindua Majid. Salme alikuwa na miaka 15, wala hakuwa na kisa na Majid, aliyekaa kwake kwa mapenzi utotoni. Lakini alimpenda Khole, na kalamu yake ilihitajiwa. Akawa mwandishi wa barua za njama.

Mwaka 1859 nyumba ya Barghash ikazingirwa. Usiku dada zake wakamtoa amefunikwa nguo za kike, akakimbilia shamba la Marseilles. Huko watu wengi wakauawa, na Majid akashinda kwa msaada wa Waingereza. Barghash akapelekwa Bombay, akakaa miaka miwili, kisha akarejea.

Majid hakuwaadhibu dada zake. Hata hivyo adhabu ilikuja kwa mlango mwingine: jamaa wakawahama, marafiki wakawakimbia, nyumba zao zikawa kimya. Hata baadaye Salme alipopatana na Majid, Khole na Barghash wakamwona msaliti. Basi upande huu alikuwa ameasi, na upande huu amesaliti. Hakubakiwa na nyumba ya kuingia kwa moyo mkunjufu.

Katika upweke huo alijuana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1866 akaondoka Unguja kwa siri akiwa mja mzito. Huko Aden akaiacha dini ya baba zake, akaolewa, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa, akamwacha na watoto watatu.

Mwaka 1885 alirejea Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, akidai urithi wake. Barghash, aliyekwisha kuwa Sultani, akakataa kumwona. Yule aliyeokolewa na dada zake hakumfungulia dada yake mlango. Salme alifia Jena mwaka 1924. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1886, kinaeleza majuto ya njama ile.

Wanaume wa vita vile walisameheana au walitawala. Jeraha likabaki kwa wanawake. Vivyo hivyo Vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907, viliacha katika nchi za kusini wajane na njaa, na wengi wao hawakuandika kitabu. Ndiyo maana Waislamu wameamrishwa kuwapatanisha ndugu wanaogombana kabla damu haijamwagika, na baada ya amani tusimwache mwanamke nje ya mlango.

Mwenyezi Mungu atuepushe na fitina. Amin.