Katama Mkangi na Chombo cha Dzombo

Mwanafunzi wangu mmoja, mzawa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, aliniletea muswada wa riwaya ya distopia, yaani riwaya inayosawiri jamii ya kesho iliyogeuka jela ya watu wake. Hadithi ilitukia Ndia Kuu, mwaka 2050. Ndege zisizo na rubani zilijaa juu ya mapaa, na roboti walilinda lango la Fort Jesus. Niliisoma yote na sikuingiwa na hofu hata kidogo. Nilimrudishia muswada wake pamoja na nakala yangu kuukuu ya Walenisi, kisha nikamsimulia maisha ya aliyeiandika.

Katama Mkangi alizaliwa mwaka 1944 huko Ribe, katika nchi ya Wamijikenda, si mbali na kisiwa hiki. Alikuwa mwanasosholojia, na utafiti wake wa shahada ya uzamifu ulihusu ardhi na ongezeko la watu Taita. Hapana budi tulitie jambo hili maanani: kabla ya kubuni sayari, alikwisha kuchunguza maisha ya watu walio hapa duniani. Riwaya yake ya Ukiwa ilitoka mwaka 1975, na Mafuta ikafuata mwaka 1984. Mwaka 1986, serikali ilipowaandama walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, naye alitiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Baada ya kuachiliwa aliandika Walenisi, iliyochapishwa mwaka 1995. Mwaka 1997 aligombea urais kwa tikiti ya Kenya National Congress, akashindwa. Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani.

Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa kufa. Hapelekwi kwenye kitanzi. Anatiwa katika chombo cha angani asichojua kukiendesha. Naam, hapo ndipo penye somo. Kinachotisha si injini ya chombo kile. Kinachotisha ni utawala uliopata njia ya kuua pasipo mnyongaji. Mkangi alianza na uhusiano wa mtawala na mtawaliwa, kisha akautafutia uhusiano huo mashine. Mwanafunzi wangu alianza na mashine, na wahusika wake wakabaki watazamaji tu.

Mwandishi wa Mji wa Kale hakosi mali ghafi. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mkoloni alimvisha mwanamume Mwafrika kipande shingoni, chenye alama za vidole vyake. Mwaka 2019 ikaja Huduma Namba, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia serikali kukusanya vinasaba vya raia na vipimo vya setilaiti vya mahali makazi yao yalipo. Kutoka kipande hadi vinasaba ni safari ya karne moja. Anayetaka kubuni mwaka 2050 na aongeze hatua moja tu, asiruke kumi.

Nilimuuliza kijana huyo ni lini aliwahi kuogopa kweli. Akaniambia alikingoja kitambulisho miaka miwili, akihojiwa tena na tena kuhusu asili ya babu yake, huku wenzake wakianza kazi. Katika muswada mzima hapakuwa na neno hata moja juu ya hayo.

Majuma matatu baadaye alinirejeshea sura mpya. Mtu anataka kuvuka Likoni akamzike mama yake. Lango la kivuko linamsoma uso, halifunguki, wala halisemi sababu. Hapana askari wa kubishana naye. Feri inaondoka. Safari hii niliogopa.

Enyi walimu, mnapowafundisha vijana utunzi wa namna hii, msiwaache waishie hapo langoni. Mimi nafundisha isimu, na jina Walenisi hunivutia kila mara: ni maneno matatu, wale, ni, sisi, yaliyounganishwa yakawa nchi ya watu walio sawa. Dzombo aliifikia nchi hiyo kwa sababu alijifunza kukiendesha chombo alichotiwa ili afie ndani yake. Mwanafunzi wangu bado hajaamua mtu wake wa Likoni atafanya nini. Nimemwambia asiharakishe, lakini asimwache amesimama tu.